Mwenye Uhai Mwingi

…na mafuta ya zeituni yananichuruzika hadi viwikoni, mtoto anateleza mikononi mwa kasisi, na kasisi ananiuliza jina, maana mama wa ubatizo ndiye wa kulitaja, Baba yuko mstari wa mbele ndani ya suti aliyovaa harusi ya Lambros, mdogo wangu, baba wa mtoto, asubuhi Baba akinyoa ndevu aliniambia, "Binti yangu, leo nitalisikia jina langu kanisani kabla hawajalisoma juu ya jeneza," nikamjibu utalisikia, Baba, kwa ulimi huuhuu uliomwapia wifi Areti juzi kwamba halitatajwa… Polizois, mjukuu humrithi babu, kijiji kizima hakina mjadala na hilo, wala Areti hakuwa nao, mpaka tulipokuwa jikoni tukifunga wali kwenye majani ya mzabibu, akaniuliza, "Wifi, wewe mwenye vitabu, hili jina maana yake nini hasa?" nami nikajimwaga kama niko darasani, mwenye uhai mwingi, nikasema, maneno mawili ya kale, wingi na uhai, zamani alipewa mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufa, ili kifo kimpite, Baba mwenyewe alitanguliwa na watatu, wote wako makaburini… Areti akaacha kufunga, "Kwa hiyo kila nikimwita aje kula, nitakuwa namwita na yule wangu," yule wake wa masika ya mwaka juzi, aliyezaliwa kimya, nami nilikuwepo mazikoni, nilimwona Lambros amekibeba kijisanduku peke yake, na bado nikatoa mhadhara… "Mwite Fivos, jina lisilo na maiti. Niapie," nikaapa, na sasa shangazi mmoja huko nyuma, "Msomi wetu kameza ulimi!" wanacheka… lakini labda nilimweleza vibaya, labda hilo si kaburi bali ni dua, bibi alimwita Baba kwa dua hiyo kutwa, njoo uoge, mwenye uhai mwingi, naye akaishi, kwa hiyo nikilitaja nitakuwa namtendea Areti wema, siyo?… ona ninavyojihubiria, shahada mbili nzima, na kazi yake ni kunitafutia njia ya kutomuudhi baba yangu, dua gani hiyo ya kumtia mtu mdomoni kwa nguvu, ni Areti atakayeliita mlangoni kila jioni, mimi kesho nina basi la Athens… Areti kasimama kando ya nguzo, hanitazami, anatazama viatu vyake, ameshajua nitamsaliti… basi Baba anichukie mimi, nitamwambia Fivos nimelichagua mwenyewe, mama wa ubatizo alikuwa na haki hiyo tangu enzi za bibi, Areti asiguswe, na kama hatanipa mkono Pasaka, asinipe… "Jina, mama?" kasisi anauliza tena, maji yanapoa, navuta pumzi, na Baba, akitabasamu, anaweka kiganja nyuma ya sikio lake moja linalosikia, asije akalikosa.