Meno ya Ndezi wa Rahinatu

Tangu Rahinatu aitikie wito wa Mola wake, mumewe Sumaila, mfumaji wa nguo, hakuwa tena na raha ya kuketi uani baada ya sala ya alasiri. Katika nyumba yao ya udongo katika mji uitwao Wa, kaskazini mwa Ghana, marehemu alikuwa akifuga ndezi, wale panya wakubwa wa vichakani, na kizimbani alibaki jike mmoja tu, mnene, mwenye manyoya magumu. Kila jioni jike huyo alilikumbatia fupa la ng'ombe na kuliguguna, kwaru, kwaru, bila kuchoka. Kwa miaka mingi sauti hiyo ilifuatana na mazungumzo ya mke na mume. Sasa ilikuja peke yake, na Sumaila akiisikia, shingo yake iligeuka yenyewe kumtafuta wa kuzungumza naye.

Akaliondoa fupa. Akaondoa na kigogo cha mwarobaini alichozoea kukitafuna. Alijiambia kuwa mifupa ni riziki ya majini, kama walivyofundisha wanazuoni, na si adabu kuwanyima. Badala ya matete akamletea ndezi ugali wa mtama uliolowekwa na muhogo aliouchemsha mwenyewe, laini kama chakula cha mtoto. Ua ukanyamaza. Akashukuru, na katika kushukuru kwake akakonda.

Mvua za kwanza zilipokaribia, ndezi naye alikonda, na chakula kikachacha sahanini. Asubuhi moja Sumaila alimtoa amtazame, akakuta kinywa hakifungi: meno ya mbele, yenye rangi ya chungwa, yamerefuka na kupinda kama kucha za tai. Hapo maneno ya mkewe yakamrudia.

"Haguguni kwa njaa, mume wangu. Meno yake Mungu hakuyawekea ukomo. Asipoyasaga, yatamfunga kinywa afe mbele ya chakula."

Alikuwa ameyasikia mara nyingi. Hakuwa na udhuru. Na ndezi huyo akifa, hakitabaki chini ya dari yake kiumbe hata kimoja kilicholishwa na mkono wa Rahinatu.

Alimwita Salamatu, mdogo wa marehemu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Tangu matanga Sumaila alikuwa akimkwepa njiani, kwa kuwa sauti yake ilikuwa ile ile ya dadake.

"Makubwa," alisema Salamatu alipochungulia kizimbani. "Fupa lake liko wapi?"

"Nililitoa. Ni chakula cha majini."

"Basi majini yameshiba, shemeji, na huyu wetu anakata roho. Umemlisha kama bibi harusi."

"Usinicheke."

"Nisikucheke, nikulilie? Tumelia vya kutosha. Lete koleo."

Salamatu akamviringisha mnyama katika gunia, akambana mapajani. Sumaila akapiga bismillahi, akakata ncha ya jino moja, kisha la pili. Ndezi akapiga chafya.

"Haya. Mrudishie kazi yake, la sivyo tutakutana tena hapa na koleo lako."

"Zile kelele, Salamatu, zinaniambia yupo. Nikigeuka, hayupo."

Salamatu alipangusa mikono kwa kanga yake, taratibu.

"Mimi nikifungua mdomo namsikia yeye," alisema. "Nifanyeje, nijikate ulimi?"

 Sumaila akaenda akalileta fupa. Ndezi alilinusa, akaligusa kwa woga, akaacha. Kisha akaanza kuguguna, kwa unyonge kwanza. Salamatu akanyanyuka kwenda zake.

"Kaa kidogo, shemeji," Sumaila alimwambia. "Alipokuwa mtoto, kabla sijamjua, alikuwaje?"

"Mkaidi. Alimng'ata mwalimu wa chuo cha Kurani."

"Rahinatu?"

"Kidole. Mzee wa watu alivaa kitambaa mpaka Idi."

Sumaila alicheka hata kofia ikamwanguka, kisha akajifunika uso kwa viganja viwili. Salamatu akasita.

"Endelea," alisema kutoka ndani ya viganja vyake. "Endelea tu."