Injini Iliyokosa Safari

Baba yetu, Mzee Osea Mbonile, alinunua gari mwaka ambao kahawa ilifanya vizuri, akaliwekea masharti kabla halijafika nyumbani, kijijini kwetu Ruanda. Lingekwenda kanisani, lingempeleka mgonjwa hospitali, na lingefuata msiba. Basi. Magunia ya kahawa yaliendelea kupakiwa kwenye pikapu ya jirani, na baba alikwenda shambani kwa miguu, akilipita gari lake kwenye banda la mabati kana kwamba ni la mtu mwingine. Wageni wakija, aliwafungulia mlango wa dereva awaonyeshe namba ya kilomita kwenye dashibodi. Alilimiliki kwa miaka ishirini na mbili, na siku anafariki namba ile ilikuwa haijafika elfu sitini. Madereva wa malori wanaopita hapa Tunduma huzimaliza hizo ndani ya mwaka.

Mama hajui kuendesha, wala hakuwahi kutaka. Baada ya msiba, kaka yangu Amoni, ambaye anaishi Dodoma, alimpigia simu akamwambia gari lisiachwe likae hivi hivi, liwashwe kila siku lisije likafa. Mama alilipokea neno hilo kama anavyopokea kila neno la Amoni, akalishika lote. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto jikoni, alikwenda bandani, akaketi kiti cha abiria, kile alichokikalia maisha yake yote, akanyoosha mkono na kuzungusha ufunguo. Injini ikinguruma, alianza kusali. Alianza na sisi watoto, akaenda kwa wajukuu, akafika kwa wagonjwa wa usharika, akamaliza na marehemu. Aliposema amina, alizima.

Mara ya kwanza nilipoamshwa na sauti ile, nikiwa nimelala chumba changu cha zamani, nilidhani baba anakwenda kanisani. Nilikaa kitandani nikilia bila sauti. Baadaye nilielewa kwa nini mama hakuwa na haraka ya kuizima.

Mimi ni Yunisi, wa kwanza kuzaliwa. Nauza vitenge Tunduma, karibu na mpaka, na nimepanga chumba Mpemba. Kwa kuwa Amoni yuko mbali, ya mama yote yananiangukia mimi. Paa likivuja naambiwa mimi, dawa ya presha ikiisha naambiwa mimi. Silalamiki. Nasema tu kwamba kufika Jumamosi jioni miguu yangu huwa imevimba, na ndipo safari ya kwenda Ruanda inapoanza. Kuna wakati niliacha kumwomba Mungu nguvu, nikawa namwomba usingizi.

Basi siku moja mama alinipigia akasema, "Yuni, gari linakohoa. Na moshi wake umekuwa mweupe."

Nilimtafuta Ferdinand, fundi mwenye gereji kandokando ya barabara kuu pale Mpemba. Nilimjua kwa kuwa mke wake ni mteja wangu, na ukweni kwake ni Mlowo, kwa hiyo njia ya kwenda kwetu alikuwa anaifahamu. Alikuja Jumapili mchana, akanywa chai vikombe viwili, akasifu maandazi ya mama, ndipo akafungua boneti. Mama alikuwa ameshakwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Ferdinand alifungua kifuniko cha kujazia oili, akakigeuza nikione. Ndani kilikuwa na utando mzito wa rangi ya uji wa ulezi uliotiwa maziwa. Akakipangusa kwa kidole, akanisogezea kidole.

"Dada Yunisi, hili gari huwa linakwenda wapi?"

"Haliendi popote. Linawashwa tu."

"Kila siku?"

"Kila asubuhi, kama dakika kumi. Tuliambiwa ndiyo matunzo."

Alicheka, kisha akaona sura yangu akaacha. Akanieleza polepole, akiwa amechuchumaa. Injini ikiwashwa asubuhi ya baridi ya huku kwetu hutoa unyevu ndani yake, kama mvuke unavyoshika kwenye mfuniko wa sufuria. Gari likitembea mbali, joto linaukausha. Likizimwa kabla halijapata moto wa kutosha, maji yanabaki, yanachanganyika na oili, na kesho yanaongezwa mengine. Sailensa nayo ilikuwa imeshikwa kutu kutoka ndani kwa maji hayo hayo. Betri haikuwahi kujaa, kwa sababu kila siku ilitolewa umeme mwingi wa kuwashia na kurudishiwa kidogo.

"Kule gereji injini zinakuja zimekufa kwa kuchoshwa," akasema. "Hii inakufa kwa kupumzishwa."

Akaendelea kunionyesha. Mkanda wa ndani ya injini ulikuwa ule uliokuja na gari, na hakuna aliyewahi kuubadilisha kwa sababu kilomita zake zilikuwa hazijafika. Akasema mpira hauhesabu kilomita peke yake, unahesabu na miaka. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama kahawa ya kuchemsha mara tatu. Matairi yalikuwa na meno kama mapya, lakini alipokandamiza ubavu wa moja kwa kidole gumba, niliona limepasukapasuka kama kisigino cha mtu anayelima pekupeku. Nikakumbuka kwamba matairi hayo ndiyo yaliyomsindikiza baba mwenyewe makaburini, jeneza likiwa mbele kwenye pikapu na sisi nyuma yake.

Ferdinand alilichukua gari siku ile ile, akaliendesha taratibu hadi Mpemba kwa kuwa alisema breki hazitaki haraka. Lilikaa kwake wiki nzima. Akamwaga oili mara mbili ili utando utoke wote, akabadilisha mkanda, mipira ya maji, mafuta ya breki, sailensa, betri na matairi manne. Kila jioni nilipopita kutoka sokoni nilisimama kidogo pembeni ya malori, nikaliona gari la baba limeinuliwa juu ya mawe, dogo na safi, kama mgeni aliyevaa nguo za kanisani akaingia machinjioni.

Huko Ruanda mama alikuwa akienda bandani vile vile. Mjukuu wa jirani aliniambia kwenye simu kwamba bibi anasimama ndani ya banda tupu asubuhi, halafu anarudi.

Siku ya kulichukua, Ferdinand alinikabidhi ufunguo lakini hakuuachia.

"Nisikilize. Kazi yote hii ni bure kama lile jambo la asubuhi litaendelea. Mwambie mama aache. Gari litembee mara moja kwa wiki, mbali, mpaka injini ishike moto kweli kweli. Likikosa safari, afadhali lisiwashwe kabisa."

Nilimwomba aje amwambie yeye. Fundi husikilizwa kuliko mtoto. Akatikisa kichwa.

"Mimi nimeoa Mlowo, dada. Nikimwambia mama wa mtu mambo kama hayo, wakwe zangu watapata habari kabla sijanawa mikono."

Kwa hiyo nililiendesha kwenda nyumbani Jumapili ile nikiwa na neno moja tu mdomoni, na nilijua lazima niliseme kabla ya Jumatatu alfajiri. Mama akilisikia ni kwamba nimemwondolea sauti ya baba. Asipolisikia, gari litarudi kule kule, na sauti itakufa yenyewe. Nilisali njia nzima. Sikupata maneno. Nilipata utulivu kidogo tu, wa kunitosha kukunja kona ya kuingia kwetu.

Mama alilizunguka gari, akagusa matairi mapya, akasema Mungu ambariki fundi. Tukaingia jikoni. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, nami nikakaa kwenye kigoda upande wa pili nikamsaidia. Nikaanza na mkanda, nikaja kwenye mafuta ya breki. Alikuwa anaitikia tu. Mwisho nikamweleza habari ya maji, yote, kama nilivyoelezwa, na mfuniko wa sufuria.

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akaliweka chini. Akatoa lingine.

"Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa naliua."

"Hukujua, mama. Na aliyekuambia hakujua."

"Lakini nilikuwa nasali mle."

"Sala haikuliharibu. Ni maji tu."

Akautikisa ungo. Kisha akauliza kama sala zake zingekuwa ndefu zaidi, ingesaidia. Nilimwambia hapana, mpaka gari litembee. Akaguna, na nusura acheke. Akasema baba angekuwepo angesema ni kosa la Amoni, na Amoni angesema ni kosa la fundi, na mwisho wa yote angelaumiwa Yunisi. Hapo tulicheka wote wawili, lakini yeye alimalizia kwa kujifuta macho kwa upande wa kitenge.

Jumatatu alfajiri niliamka kabla yake nikasikiliza. Nilimsikia akienda bandani. Mlango wa gari ulifunguliwa, ukafungwa. Hapakuwa na ngurumo. Nilisikia sauti yake ikisali bila kitu cha kuifunika, na ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani.

Tukaanza zile safari. Kila Jumapili baada ya ibada nilimpakia mama, tukaenda hadi Vwawa na kurudi, na siku nyingine tulipitiliza kidogo. Alisali njiani macho yakiwa wazi, akiwaongeza kwenye orodha yake madereva wa malori tuliopishana nao, hasa waliokuwa wanapanda mlima wakitoa moshi. Sindano ya joto kwenye dashibodi ilipanda ikasimama katikati, pale Ferdinand aliposema isimame. Injini iliacha kukohoa. Amoni alipiga simu akafurahi, akasema gari la namna hiyo, la kilomita chache, halipatikani tena, tulitunze sana. Nilimwuliza anakuja lini kulitunza. Akasema mtandao ulikuwa unakatika.

Gari lilipona. Mimi ndiye niliyekuwa naisha. Jumapili ilikuwa siku yangu moja ya kupumzika, nayo sasa ilikwenda barabarani. Jumatatu nilifungua meza yangu ya vitenge nikiwa nimechoka kuliko nilivyoifunga Jumamosi. Wateja wa kutoka ng'ambo ya mpaka waliniuliza kama naumwa. Kanisani nilisinzia wakati wa mahubiri, mzee wa kanisa akanigusa bega kwa fimbo ya mfuko wa sadaka. Sikumwambia mama. Ningemwambiaje? Nilikuwa nimemnyang'anya asubuhi zake, na Jumapili hizi ndizo nilizompa badala yake.

Jumapili moja mwisho wa mwezi, tukirudi kutoka Vwawa, barabara ilikuwa imenyooka, jua limetulia kwenye kioo. Sijui nilifumba macho kwa muda gani. Nilisikia mama akisema, "Yunisi," kwa sauti ile ile anayoitia mtu aje kula. Nikafumbua macho, magurudumu ya kushoto yalikuwa tayari kwenye kokoto, na mbele yetu palikuwa na mama mmoja aliyebeba ndoo kichwani. Nikakata usukani, nikakanyaga breki. Breki zilishika. Yule mama alituangalia, akauvuka mtaro akaenda zake.

Niliegesha kando kabisa ya barabara, nikazima. Nikasema samahani. Mama aliniangalia, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kuniangalia bila kuwa na jambo la kuniambia.

"Tangu lini uko hivi?"

"Siku nyingi, mama."

"Lala."

"Hapa?"

"Laza kiti ulale. Malori yatapita tu."

Nililala. Nililala kama mtu aliyedondoka. Nilipoamka, jua lilikuwa upande mwingine wa gari, kanga ya mama ilikuwa juu ya magoti yangu, na yeye alikuwa anazungumza kwenye simu kwa Kinyiha. Alimaliza, akairudisha simu kwenye mkoba.

"Nimeongea na Emanueli," akasema.

Emanueli ni mtoto wa dada yake. Ni mwinjilisti kule Mbangala, ana mitaa mitano ya kuhubiri, na huizungukia kwa pikipiki za kuomba, mvua na jua.

"Emanueli wa nini?"

"Atakuja Jumatano kulichukua gari. Liwe lake. Kule kila siku kuna mgonjwa, kila wiki kuna mazishi, na ibada zipo. Sharti la baba yako halijavunjwa hata moja."

Nilitazama namba kwenye dashibodi. Niliona zile barabara za Mbangala, mawe na vumbi, na Emanueli ninavyomjua, mwenye mguu mzito, anayebeba watu na mahindi yao na kuku wao, asiyeweza kumwambia mtu yeyote hapana. Nilitaka kulia kwa nafuu, na nafuu hiyo ilinitia aibu.

"Atalichakaza, mama," nikasema.

Alichukua kanga yake magotini pangu, akaikunja mara mbili, akaiweka mapajani.

"Acha lichakae," akasema. "Haya, twende. Endesha polepole."