Gitaa Lisilosifiwa

Kibaya chajiuza; kizuri chajificha. Wanaosema kinyume chake hawajawahi kununua gitaa la besi lililotumika. Vilimaina alikuwa amenunua na kuuza magitaa hayo kule visiwani, mjini Lautoka, kwa miaka kumi na minane. Gitaa baya utalikuta limening'inia mlangoni, limepakwa rangi jana, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Zuri liko chini ya kitanda cha mtu, limevingirishwa mkeka, nyuzi zimeota kutu, na mwenyewe hataki hata ujue kwamba lipo.

Alikuwa na taratibu zake. Kabla ya kupiga uzi wowote alilinusa gitaa, maana lililolala kwenye unyevu halifichi. Kisha aliiinua shingo usawa wa jicho, kama fundi anayechagua ubao, aone kama imepinda. Akabonyeza uzi mmoja mmoja kwenye kila kichuma cha shingo, kutoka juu hadi chini, sikio likiwa limelala juu ya mbao. Magitaa ya Lautoka yamepigwa sana kwenye mahoteli ya ufukweni, na chumvi huingia ndani ya vifundo vya kuongezea sauti. Ukivizungusha vinakwaruza kama mtu anayekanyaga majani makavu. Amplifaya nayo aliiwasha akaiacha. Akanywa chai. Akasikiliza inavyonguruma bila kuguswa, maana amplifaya inayonyamaza kabisa ina siri, lakini inayonguruma kidogo imeshakiri makosa yake.

Jambo moja hakulifanya kamwe. Hakusifu.

Kwao, ukisifu kitu mbele ya mwenyewe umekiomba. Mwambie mtu shati lake limekupendeza, atalivua hapo hapo, na wewe utarudi nyumbani na mashati mawili na aibu moja. Kwa hiyo mwenye adabu hutukana. Biashara yote ya magitaa makuukuu ilikwenda kwa matusi, na hakuna aliyetukana kama Vilimaina. "Shingo ya bata hii." "Sauti ya ng'ombe mwenye mafua." Waliomjua walihesabu maneno. Tusi fupi, gitaa la kawaida. Akitukana mpaka akakaukiwa na mate, ujue ameona hazina.

Na gitaa alilolitukana kuliko yote lilikuwa la mjomba wake.

Mjomba Apenisa alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mama yake. Gitaa lake la Kijapani alilinunua bandarini Suva kwa baharia mmoja, kabla Vilimaina hajazaliwa, akalipigia harusi na mahoteli miaka thelathini. Ndilo alilomfundishia. Kila alipokwenda kumwamkia, Vilimaina alianza nalo: "Mjomba, hilo bado hujalitia jikoni likapikia magimbi?" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Ngoja kuni ziishe," alijibu. Hivyo ndivyo walivyopendana.

Tena yeye alikuwa na sababu zaidi ya kuuchunga ulimi. Alikuwa vasu wa nyumba ile, mtoto wa dada, na vasu akitaka kitu cha mjomba hakuna wa kumkatalia, awe nguruwe, awe mkeka wa harusi. Haki kubwa namna hiyo mtu mwenye haya huiweka mbali, kama panga kwenye nyumba yenye watoto.

Miaka mitatu nyuma masikio ya mzee yalianza kufunga. Zilitangulia kwenda sauti nyembamba, ndege na simu na watoto. Zikafuata za watu wazima. Ikabaki sauti ya besi, nayo haikupita masikioni. Amplifaya yake ilikuwa ya zamani, ya mbao, kubwa kama kabati la vyombo. Kila alasiri baada ya chai mzee aliketi juu yake, akapakata gitaa, akapiga polepole besi ya nyimbo za kanisani. Mtikisiko ulimpanda kwa uti wa mgongo.

"Wenzangu mnasikia kwa masikio," alisema. "Mimi nasikia kwa makalio."

Siku moja Maciu, mwanawe wa pekee, alimpigia Vilimaina simu kutoka Nadi anakoendesha teksi. Watoto wa mjomba na shangazi ni watani, kwa hiyo hawakuamkiana kama watu.

"Binamu, Jumamosi njoo nyumbani. Uvae vizuri, watu wasije wakanihurumia."

"Wakuhurumie miguu yako ya kuku. Kuna nini?"

"Kuna mzungu wa Australia, anakusanya vyombo vya zamani. Anataka gitaa la mzee. Na amplifaya."

Vilimaina alihamisha simu kutoka sikio moja kwenda jingine. "Mzee amesemaje?"

"Mzee hasemi, anatabasamu. Mwambie nyumba inaungua, atatabasamu vile vile."

"Sasa unaliuza kwa nini?"

"Nimnunulie mashine za masikio. Za kweli. Sio ile ya hospitali."

"Ile aliitoa siku ya pili, Maciu. Alisema inamletea kelele za sahani tu, besi hamna."

"Ile ilikuwa ya bure!" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka, na utani ukamtoka. "Vili, Kelera ana miaka minne. Anamwita babu yake mpaka analia. Jana ameniuliza amemkosea nini babu hata amemnunia."

Vilimaina naye aliuacha utani.

"Nitakuja," alisema.

"Halafu nakuomba kitu. Usitukane. Huyu mtu hajui mambo yetu, ukimwambia shingo ya bata ataondoka zake. Wewe sifia. Sifia kama mtu anayeuza."

Jumamosi majivu ya kiwanda cha sukari yalikuwa yakishuka juu ya nguo zilizoanikwa. Mnunuzi aliitwa Graeme, mtu mpole mwenye ndevu za kijivu, na alivua viatu kabla hajaambiwa. Vilimaina alikuwa amejiandaa kumchukia. Lakini Graeme alipopewa gitaa alilinusa kwanza, na Vilimaina akajua kwamba hapa hamna mjinga.

Mzee alikuwa amekwisha kushuka kwenye amplifaya yake kumpisha mgeni. Alisimama karibu na ukuta, sulu yake, shuka ya kiunoni, imepigwa pasi, mikono inaning'inia kama ya mtu aliyepokewa mzigo njiani akabaki hajui aiweke wapi. Alikuwa akitabasamu.

"Ni zuri sana," alisema Graeme kwa lugha yake. "Zuri ajabu. Tazama mbao hizi." Kila aliposifu, Maciu alikunja vidole vya miguu na Vilimaina akatazama mkeka. Mgeni hana makosa. Lakini mwili haujui hivyo.

Graeme alichomeka waya, akangoja vali za amplifaya zipate moto, akapiga. Alipiga kwa heshima, bila kujionyesha. Sauti ilitoka nene na yenye joto, ikajaza chumba mpaka vikombe vikanong'ona kwenye sinia. Maciu alifurahi. Alimtazama baba yake apate kumshirikisha furaha ile.

Mzee alikuwa akitazama vidole vya mgeni vinavyokwenda. Hakuwa anasikia chochote. Sakafu ya saruji ilikuwa imekula mtikisiko wote. Tabasamu likabaki mahali pake, lakini mguu wake wa kulia ulianza kusogea juu ya mkeka, kidogo kidogo, kwa wizi, mpaka kidole gumba kikaigusa mbao ya amplifaya. Kikatulia hapo. Ndipo mzee alipofumba macho.

Hakuna aliyeona ila Vilimaina.

Graeme aliacha kupiga. Kidole kikarudi.

"Haya," alisema Maciu, akisugua viganja. "Sasa mtaalamu wetu aseme."

Vilimaina alilichukua gitaa. Alifanya taratibu zake zote, hakuruka hata moja, maana asingeweza kusema uongo siku ile. Shingo ilikuwa imenyooka. Matundu mawili ya skrubu yalikuwa yamezibwa kwa njiti za kiberiti. Hayo aliyajua, njiti alikuwa ameshika yeye. Vifundo vilikwaruza kidogo. Na juu ya sumaku ya kunasia sauti, pale kidole gumba kinapopumzikia, mbao ilikuwa imebonyea shimo la ukubwa wa punje ya dengu, kwa miaka thelathini ya ngozi ya mtu mmoja. Aliweka kidole chake mle. Hakikuenea vizuri. Halikuwa shimo lake.

"Sema basi," Maciu alimhimiza. "Mwambie mgeni."

Vilimaina hakumgeukia mgeni. Alipiga magoti mbele ya mjomba wake, akaishika mikono yake miwili ili mzee amtazame mdomoni, akasema kwa lugha yao, taratibu, neno moja moja:

"Mjomba. Gitaa hili ni zuri."

Maciu alikuwa ameshika kikombe. Hakukipeleka mdomoni wala hakukirudisha chini.

"Unasemaje?" aliuliza mzee kwa sauti kubwa ya viziwi. "Sema tena."

"Gitaa hili ni zuri, mjomba. Na amplifaya hii ni nzuri. Nimetembea visiwa hivi vyote, sijaona mfano wake."

Mzee alimtazama midomo, kisha macho, kisha midomo tena. Tabasamu la kuwaridhisha watu lilimtoka, na chini yake ukatokea uso wake mwenyewe ambao Vilimaina hakuwa ameuona muda mrefu. Alianza kucheka.

"Miaka yote hii!" alisema. "Miaka yote hii nikidhani dada yangu alizaa kipofu!" Akakunja viganja kama bakuli, akavipiga pamoja mara tatu, makofi mazito ya mtu anayepokea jambo. "Chukua, vasu. Vyote viwili. Ni vyako."

Graeme alitazama huku na huku. "Kuna tatizo?"

Maciu aliweka kikombe chini, akajikuna kichwa, akaeleza kwa shida. Dada yake baba. Mtoto wa dada. Kusifu. Si mali ya mzee tena, wala si yake kuiuza.

"Lakini mimi nimelisifu mara kumi," alisema Graeme.

"Kumi na mbili," alisema Maciu kwa uchungu. "Lakini wewe si mtoto wa shangazi yangu."

Graeme alicheka, tena cheko la kweli, akachomoa waya wake na kuukunja vizuri. Kabla ya kwenda aliinama akaligusa gitaa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeaga mtoto wa watu. Hakuacha anwani.

"Haya, beba mali yako," Maciu alimwambia Vilimaina mgeni alipotoka. "Nipishe nifagie."

"Kwangu panavuja. Itakaa hapa hapa." Vilimaina alimshika mzee mkono, akamketisha juu ya amplifaya, akampakatisha gitaa. "Na anitunzie huyu huyu. Kila alasiri alipige, lisilale."

Mzee hakuhitaji kutafsiriwa. Alianza kupiga. Kelera, binti yake Maciu, aliyekuwa amefichwa jikoni asimsumbue mgeni, alitoka na kipande cha mhogo mkononi. Alimwita babu yake mara moja, mara mbili. Mara ya tatu, badala ya kulia, akaipiga amplifaya kofi, kama watoto wanavyopiga kitu kikubwa kilichowakasirisha.

Mzee aliacha kupiga. "Nani anabisha hodi?" aliuliza, akageuka, akamwona.

Kelera alibaki ameduwaa, kiganja bado kipo juu ya mbao. Akapiga tena. Babu yake akaruka kama mtu aliyechomwa sindano, kwa makusudi sasa, na mtoto akapiga kelele za furaha ambazo kila mtu alizisikia isipokuwa mmoja. Maciu alisimama na ufagio mkononi. Aliwatazama, kisha akatoka nje bila kufagia.

Vilimaina alimkuta kwenye geti, amemgeuzia mgongo.

"Nimeona," alisema Maciu. "Usidhani sijaona. Lakini mtoto kupiga ubao si kuongea na babu yake."

"Si kuongea. Kwani nani amesema ni kuongea?"

"Na mimi nilimwita yule mtu kutoka Brisbane. Nilimpa neno langu. Umenivua nguo mbele ya mgeni, Vili, nyumbani kwetu, na mimi ndiye niliyekukaribisha."

"Kweli," alisema Vilimaina.

"Kwa desturi mwana wa mjomba humchapa vasu aliyemchukulia mali. Naweza kukuchapa."

"Unaweza. Chukua kile kipepeo cha kujipepea cha mama yako, kina mpini mzuri."

Maciu nusura acheke, akajizuia. Aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Sikuchapi. Fanya hivi. Kesho baada ya ibada njoo na fungu la mizizi ya yaqona, uliweke mbele yangu kama mwomba radhi, useme ulijisahau. Sema umezoea kuongea ovyo na magitaa, ulimi ukateleza. Maneno mawili tu. Nitalipokea, yaishe, tule pamoja."

Kilikuwa kitu chepesi kuombwa, na alikuwa akimpenda binamu yake. Ndani ya nyumba besi ilikuwa imeanza tena, chini sana, na hata pale getini aliisikia nyayoni.

"Yaqona nitaleta, tunywe," alisema Vilimaina. "Na hizo mashine za masikio tutazitafuta wote, mimi na wewe, hata kama atazitoa siku ya pili. Lakini ulimi wangu haukuteleza, Maciu. Nilijua ninachokisema, na mzee aliponiambia niseme tena, nikasema tena. Nichape ukitaka. Radhi siombi."