Maiti Aliyepumua Belrive

Dada yangu Odile alipumua ndani ya jeneza mwaka 1964, na mji wetu hapa Louisiana haujaacha kumcheka.

Alikuwa akiigiza maiti katika filamu ya kutisha iliyopigwa nyumbani kwetu, shamba la Belrive, kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa imeshaoza na mwongozaji, Delmar Vick, hakuwa na fedha za kuozesha nyingine. Popo wake alikuwa soksi. Meno ya mnyonya damu yalikuwa ya nta. Joto likayalainisha, akawa anang'ata kama mtoto wa miezi minne. Matukio ya usiku yalipigwa saa sita mchana, kuku wetu wakidonoa makaburini. Ukungu ulikuwa moshi wa miwa, maana baba alichoma shamba kila mavuno. Siku ya tukio la jeneza upepo ukageuza moshi kwetu. Odile, maiti wa miaka kumi na tisa, alibana pumzi hadi akashindwa, kifua kikainuka.

"Amepumua!" tukasema. "Rudia!"

"Mkanda umeisha," Vick akajibu. "Nani atamwangalia maiti?"

Wote. Kila Oktoba sinema ya mji huionyesha, na jeneza likifunguliwa watu hupaza sauti: "Anapumua!" Odile alikuwa akisimama safu ya mbele, anainama. "Mtanizika lini, wapumbavu nyie?"

Tulimzika Machi mwaka huu. Hakuna picha nyingine inayomwonyesha akisogea.

Oktoba hii alikuja mtaalamu wa chuo, Bwana Pruett, na nakala ya filamu iliyosafishwa.

"Utafurahi, mama," aliniambia mlangoni pa sinema. "Tumefuta makosa yote, hata ile pumzi. Sasa amekufa vizuri."

"Alikufa vizuri Machi. Nilikuwepo."

Akawa mwekundu. "Lakini walikuwa wanamcheka."

"Mkanda wa zamani uko wapi?"

"Garini. Ila una mikwaruzo mingi."

"Hata mimi ninayo. Ulete."

"Ulete, bwana!" Clovis, mwonyeshaji filamu, akafoka toka kidirisha chake. "Umening'inia hapo kama soksi ya Vick."

Akauleta.

Kwenye pazia, kuku akakatiza usiku. Jeneza likafunguliwa. Kifua cha dada yangu kikainuka, na ukumbi mzima ukanyamaza. Walikuwa wanamheshimu marehemu, Mungu awasamehe. Kimya kile kilikuwa cha mazishini, nami nilishakisikia mara moja.

Sijawahi kupiga kelele mbele za watu. Nikasimama.

"Anapumua!"

"Anapumua!" akaitikia Clovis. Kisha wote.