Uji wa Marehemu Orwa

Orwa, mpishi wa hospitali ya wilaya ya Busia, alikufa Jumatano asubuhi katikati ya wodi ya wazazi, akiwa amesimama wima na ndoo ya uji mkononi. Yeye mwenyewe hakuwa na habari.

Ilikuwa mwaka ule wa kahawa ya magendo, ambapo nusu ya watu wa Malaba walilalia magunia na nusu nyingine waliwachongea. Lakini siku hiyo hata kahawa ilisahauliwa, kwa sababu ya mtoto wa Truphena.

Mtoto huyo tangu azaliwe alikuwa analia. Akinyonya analia, akilala analia ndotoni. Sista Gaudencia, mkubwa wa wodi, alimpima masikio, tumbo na joto, asione kitu. Ndipo mama mkwe wa Truphena, Jerusha wa Namboboto, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, akasema, "Sista, weka hiyo sindano. Huyu si mgonjwa. Huyu anadaiwa jina."

Kwao ndivyo ilivyo. Mtoto akilia bila sababu, kuna marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa. Mnataja wafu mmoja mmoja, na mkimpata mwenyewe, mtoto hunyamaza kama redio iliyoishiwa na betri.

Jerusha alianza na marehemu mumewe, kwa maana huyo ndiye aliyemtaka. "Methuselah!" Mtoto akapandisha sauti. "Methuselah, baba, ni wewe?" Mtoto akawa mwekundu. Akataja wajomba, mababu, hata mzee mmoja aliyeliwa na mamba bila kuacha watoto. Wapi! Wodi nzima ikaingilia. Mama mmoja aliyekuwa anangojea kujifungua alitoa mjomba wake bure, mradi apate usingizi.

Hapo ndipo Orwa akaingia na ndoo yake, na mama wa kitanda cha mlangoni akapiga kelele, "Orwa! Leo unataka tufe njaa?"

Mtoto akanyamaza.

Jerusha akainama, akanong'ona, "Methuselah?" Mtoto akalia. "Orwa?" Kimya. "Methuselah?" Kilio. "Orwa?" Mtoto akapiga miayo.

Jerusha akainua kichwa polepole, akamtazama mpishi kwa huruma. "Pole sana, mzee."

"Pole ya nini, mama?"

"Aliye hai haombi jina. Wanaoomba ni wafu."

"Lakini mimi niko hapa!"

"Ndiyo, tunakuona," akasema Jerusha kwa upole. "Wengine huchelewa kuambiwa."

Mama wa mlangoni alikuwa ameshapeleka kikombe mdomoni. Akakishusha. "Huu uji," akauliza, "ulipikwa kabla ama baada?"

Vikombe vyote vikawekwa chini.

Sista Gaudencia alikasirika. Akamkalisha Orwa, akamshika mkono, akahesabu mapigo ya moyo mbele ya watu wote. "Huu hapa moyo unapiga! Mnataka nini tena?"

"Sista," akajibu Jerusha, "kuku pia akichinjwa hukimbia."

Orwa alirudi jikoni akacheka peke yake, lakini kicheko hakikukaa vizuri. Alipika ugali na maharagwe ya mchana kama kawaida, akavisukuma kwa toroli mpaka wodi ya wanaume. Habari zilikuwa zimemtangulia. Emojong, taniboi wa lori aliyekuwa amening'inizwa mguu wenye plasta, alijifunika shuka hadi puani.

"Boss, kaa hapo hapo," akasema. "Mimi nilivunjika mguu tu. Sikuja hapa kula chakula ya maiti."

"Emojong, jana si uliomba nikuongezee?"

"Jana ulikuwa mtu."

Wengine wakaguna kumuunga mkono. Mmoja akauliza kwa adabu huko alikokwenda kukoje, kuna joto ama baridi. Sufuria zikarudi jikoni zikiwa zimejaa. Sista Gaudencia akaja amejishika kiuno.

"Orwa, nina watu wa kumeza dawa na dawa hizi hazimezwi na tumbo tupu. Kama hawali mkono wako, mimi nitatafuta mkono mwingine. Leo hii. Si kwa ubaya, ndugu yangu, lakini jiko ni la walio hai."

Jiko! Orwa angeweza kuvumilia kuitwa maiti, lakini jiko lile alilipenda kuliko kiti cha chifu. Akaketi juu ya gunia la maharagwe, akajifinya. Iliuma, lakini kidogo. Akajaribu kukumbuka ni nani aliyemsalimu tangu asubuhi. Hakuna. Yule mbwa wa mlinzi, anayembwekea kila siku, leo alimtazama tu. Jasho likamtoka. Akalionja kwa kidole, likawa na chumvi, akapata nguvu kidogo.

Kisha akaruka kutoka kwenye gunia. Lo! Yeye mwenyewe jina hilo si alilipata kwa kulia?

Alikimbia hadi wodi ya wazazi na mwiko mkononi. "Mama Jerusha! Orwa si mimi peke yangu! Mimi nilirithi. Babu yangu ndiye Orwa mwenyewe, na huyo amekufa zamani, kabisa, nimeona kaburi!"

Wodi ikafikiri. Jerusha akakunja uso. "Babu yako ni Mjaluo wa huko ziwani. Atafuata nini kwa mjukuu wangu wa Namboboto?"

"Alikuwa anauza kamongo wa kukausha, mama. Alitembea na kapu Sio, Funyula, Namboboto, kila mahali."

"Kuuza samaki si ukoo."

Pembeni, juu ya mkeka, alikuwa ameketi bibi mmoja mzee aitwaye Benedetta, dada yake marehemu Methuselah, aliyekuja na Jerusha kumwona mtoto. Mabega yake yalianza kutikisika. Watu walidhani analia. Alikuwa anacheka ndani ya leso.

"Orwa wa kamongo!" akasema. "Uuuwi! Sisi tulikuwa watoto. Huyo akifika tu, mama anatutuma mtoni kuteka maji."

"Na mitungi ikiwa imejaa?" akauliza mama wa mlangoni, macho yakimwaka.

"Anaimwaga kwanza."

Wodi ikasogea. Wajawazito waliokatazwa kuinuka waliinuka.

"Benedetta," Jerusha akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo, "unasema nini?"

"Sisemi kitu, wifi. Nasema tu baba alikuwa Uganda akikata miwa, na aliporudi alimkuta Methuselah ameota meno. Akasema mtoto huyu ana haraka."

Jerusha akasimama. Akamshika Orwa kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayechagua tikiti, akakigeuza kulia, akakigeuza kushoto. Masikio yamesimama kama vishikio vya sufuria. Masikio hayo alikuwa amelala nayo ndoa nzima. Akamfunua mtoto. Yale yale, madogo.

"Kumbe ndiyo maana Methuselah anakataa," akasema akiketi. "Anampisha baba yake."

Wodi ililipuka. "Amefufuka! Mpishi amefufuka!" Uji uliopoa ukanywewa hivyo hivyo. Kwenye wodi ya wanaume Emojong alikula sahani mbili, kwa sharti aletewe mtu wa kumsimulia habari ya mitungi tangu mwanzo. Sista Gaudencia akampa Orwa mkono, naye Orwa akaushika sana.

"Sasa," akasema Jerusha, "baba yako na mume wangu ni ndugu. Mimi ni mama yako."

"Ndiyo, mama."

"Huu uji wako ni maji. Na Truphena amezaa, anataka maini."

Kabla hajajibu, kilio kilisikika langoni. Mildred, mke wa Orwa, alikuwa amepewa habari sokoni Busia huku akipima nyanya, na sasa alikuja na akina mama wa kanisani nyuma yake, leso kiunoni, mikono kichwani. "Orwa wangu weee! Umeniachia nani!"

Orwa akatoka na mwiko. Mildred akamwona, akanyamaza, akamgusa shavu, akampiga kofi, kisha akamkumbatia.

"Nani amesema nimekufa?"

"Soko nzima!"

Jerusha alikuwa amesimama mlangoni, akimpima Mildred kutoka utosini hadi kwenye kandambili. Mildred alikuwa ameolewa mama wa Orwa akiwa ameshakufa, na wenzake sokoni walimwonea wivu kwa kukosa mama mkwe kuliko hata kwa nyumba ya mabati.

"Huyu ndiye mke wa mwanangu? Mbona mwembamba hivi? Njoo nikuone."

"Orwa," Mildred akauliza, "huyu ni nani?"

"Mama."

"Mama yako si alikufa?"

"Ametokea mwingine."

"Tutakaa kwenu na Benedetta," akasema Jerusha, "mpaka mtoto apate nguvu. Kule kwetu ni mbali, na hapa kuna soko."

Mildred akamtazama mumewe. Akawatazama akina mama wa kanisani, ambao tayari walikuwa wameketi majanini wakingojea chai ya matanga. Akakaza leso kiunoni, akaweka mikono kichwani, akaendelea kulia kutoka pale alipokuwa ameachia.