Kufa Umependeza

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini wasikilizaji wa redio walimbandika jina la Bi Mdomo, naye akalivaa likamkaa. Kila Jumamosi asubuhi alichambua filamu na nyimbo mpya, na hakuwa na simile. Wimbo ukiwa mbovu alisema mbovu. Filamu ikimkuna alisema imemkuna, hata kama mji mzima umeizomea. Watu walimpenda kwa hilo, maadamu anayechambuliwa si wao.

Ndipo dada yake mkubwa akatokea kwenye filamu.

Dada huyu aliuza nguo dukani miaka nenda rudi, na jioni akaigiza kwenye vikundi vidogo vidogo. Safari hii alipata nafasi yenyewe: mke anayeugua, akafia kitandani hospitalini huku mume akimlilia. Siku ya kwanza ukumbi ulifurika. Mama yao alilia mpaka leso ikalowa. Jirani yake ilibidi atolewe nje akapunge upepo. Bi Mdomo peke yake alikaa macho makavu, kama mtu anayesubiri zamu yake benki.

Jumamosi akasema alichokiona.

"Mgonjwa anakata roho, wanja haujachuruzika, lipstiki inang'aa. Nilitaka kumuuliza, mwenzangu, unaelekea ahera au harusini?"

Kisha akasema, tena kwa sauti ya taratibu, kwamba kuna mahali yule mke anatoka kwa daktari na majibu yake, anaingia jikoni, anaosha kikombe kilekile tena na tena bila kutamka neno, na kwamba yeye hajapata kuona uigizaji uliomkaba koo namna ile.

Kikombe hakikusikiwa na mtu. Kilichotembea mjini ni ahera na harusi. Haikupita siku, vijana wakawa wanachungulia dukani na kupiga miluzi: "Bibi harusi wa ahera!"

Kikao kikaitwa sebuleni kwa Mama. Mjomba alikalia kochi kubwa, na dada mtu akakaa dirishani, kawapa wote mgongo.

"Angekuwa mtu baki ningeelewa," Mama alisema. "Tumbo moja, ziwa moja, halafu unamwanika mwenzio juani!"

"Mama, nilimsifu pia."

"Ulimsifu kwa kijiko, ukamtukana kwa ndoo."

Mjomba akakohoa. "Yaishe haya. Pale ulipotukania ndipo utakapoomba radhi. Redioni."

"Nikiomba radhi kwa hili, Mjomba, basi kila nilichowahi kukisifu kitakuwa uongo."

"Hayo maneno ya redio. Hapa ni nyumbani."

"Utaomba au huombi?" Mama akauliza.

Dada mtu akageuka kwa mara ya kwanza. "Muacheni. Huyu kuomba radhi hajui tangu anatambaa."

Bi Mdomo akasema atazungumza Jumamosi. Wote wakadhani amekubali, naye hakuwasahihisha.

Jumamosi ilipofika, Mama aliwaalika majirani na kufungulia redio mpaka mwisho. Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa zulia ukutani, na feni yake huzimwa kipindi kikianza ili isivume. Nyuma ya kioo alikaa fundi mitambo. Bi Mdomo akapiga moyo konde.

"Nimeambiwa niombe radhi," alisema. "Anayemzomea dada yangu dukani na akome, aibu ni yake. Hilo naliomba kwa magoti. Lakini filamu niliiona kwa macho yangu, siwezi kuazima ya mama yangu. Kile kifo kilikuwa cha uongo. Siombi radhi."

Fundi mitambo akashika kichwa. Taa ya simu ikawaka. Akapokea, akasikiliza, akamwonyesha kwa midomo nyuma ya kioo: dada yako.

Bi Mdomo angeweza kutikisa kichwa, na simu ingekatwa.

"Mruhusu," alisema.

"Nakuuliza mdogo wangu," sauti ya dada mtu ikasikika, nzito na tulivu. "Unajua Baba alivyokufa?"

"Nilikuwa shule ya bweni."

"Mimi nilikuwepo. Mdomo wazi, shuka limechafuka, nesi mmoja wodi nzima. Taya zake nilizifunga mimi, kwa mtandio wangu. Sasa ulitaka nikirudie kifo kile mbele ya watu? Wanaokuja kuniangalia wameshawaona watu wao wakifa vile. Wanakuja wamuone mtu akifa amependeza, kashikwa mkono. Nimekataa kufa vibaya kwenye filamu, na nitakataa tena. Ile lipstiki niliichagua mwenyewe."

Habari ya mtandio Bi Mdomo hakuwahi kuambiwa na mtu. Nyuma ya kioo fundi akawa anampungia mikono yote miwili aseme chochote.

"Sikulijua hilo, Dada," alisema mwishowe. "Na ningelijua, bado ningesema vilevile."

"Ehee! Mnamsikia?"

"Kwa sababu hayo uliyonieleza sasa hivi hayamo pale kitandani. Kwenye kikombe yamo. Unapoosha kile kikombe, Baba yumo. Kitandani yumo mpambaji wako tu."

Dada mtu akaangua kicheko cha hasira. "Watu walilia kitandani! Kwenye kikombe hakulia mtu."

"Mimi kilinikaba."

"Wewe ni mmoja. Ukumbi mzima ulilia."

"Na ukumbi mzima ukikosea?"

"Na mmoja akikosea?"

Waliendelea hivyohivyo mpaka taarifa ya habari ikawakata, kila mmoja akiwa na neno mdomoni. Mama akawaambia majirani kwamba amezaa majini mawili, kisha akawamiminia chai.

Miluzi ikakoma. Badala yake wateja wakawa wanaingia dukani kubishana wao kwa wao, kikombe au kitanda, huku wameshika magauni wasiyokuwa na nia ya kuyanunua. Filamu ikaendelea kujaza ukumbi. Ndugu hao wawili hawakusemeshana wiki kadhaa.

Adhuhuri moja dada mtu akasukuma mlango wa mdogo wake bila hodi, akabwaga mezani rundo la karatasi. Ilikuwa hadithi ya filamu nyingine, haijapigwa picha bado.

"Soma. Ukitaka kunicheka, nichekee humu ndani."

Bi Mdomo akavuta kiti na kalamu. Alisoma muda mrefu, mwenzake akijipakulia chakula jikoni kama kwake.

"Huyu mama mkwe anapiga kelele ukurasa mzima bure."

"Mama mkwe haguswi. Huyo nimempenda."

"Ni mbovu, Dada."

"Haguswi."

"Nitasema redioni."

"Sema," dada mtu akajibu, akisogeza kiti chake apate kuona naye. "Haya, fungua ukurasa unaofuata."