Uso Kiganjani

Kila Jumapili baada ya misa, Emil Hruska alitandika taulo juu ya meza ya jikoni, akazitoa bastola zake kabatini moja moja na kuzipanga, midomo ikitazama ukutani. Meza ilijaa, na hakuna aliyekula. Alizipangusa kwa kitambaa laini chenye mafuta, akainua kila moja dirishani kuona kama kutu imepata pa kuanzia, kisha akairudisha mahali pake. Zamani mkewe, Verna, alikuwa akipita nyuma yake na sufuria mkononi, akinung'unika kwamba nyumba hii ina wageni wasiojua kuaga. Verna alifariki miaka minne iliyopita. Siku hizi bastola zililala mezani mpaka katikati ya wiki, na Emil akawa anakunywa supu yake amesimama kando ya sinki.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chuma, pale ukingoni mwa Mto Monongahela. Vita vya dunia vilipokwisha alikuwa na miaka kumi na sita. Vijana wa mtaani waliomzidi miaka miwili mitatu walirudi na kimya chao, wakawa wanaelewana kwa kutazamana tu, naye akabaki nje ya kimya hicho kama mtu aliyefungiwa mlango. Bastola zikawa tundu lake la kuchungulia. Alitaka kujua kila moja ilitengenezwa wapi, ilivuka bahari na kikosi gani, ilining'inia kiunoni mwa nani. Aliwapigia simu wazee waliopigana, jimbo hadi jimbo, wengine masikio yamekwisha, na siku zote alianza na maneno yale yale: "Samahani kwa usumbufu. Natafuta habari za mtu uliyekuwa naye zamani." Alikuwa mvumilivu ajabu. Alikuwa pia mchoshi, tusimpake mafuta.

Wakusanyaji wenzake walikuwa na sheria moja isiyovunjwa: bastola iwe kama ilivyotoka kiwandani, kila skrubu ya mwaka wake. Alichoongeza askari baadaye kiliitwa uchafu. Na askari waliongeza mengi. Kule Italia, ndege ilipoanguka, walivikata vioo vyake vya plastiki, wakavichonga kwa tupa mpaka vikawa vibao vya mpini, na chini ya kibao kimoja wakabana picha ya mke au mchumba. Bastola sita za namna hiyo zilipata kupita mikononi mwa Emil. Zote sita alizilegeza skrubu, akavitupa vile vioo na nyuso zake, akafunga vibao vya kahawia vilivyostahili. Clyde Rademacher, rafiki yake wa miaka mingi ambaye meza zao zilikaa jirani kwenye kila maonyesho, alimpongeza kila mara.

Katika hizo sita, aliyoionea fahari zaidi ni ya Koplo Andy Sabol, dereva wa kifaru. Emil aliinunua kwa mjane wa mwenye baa, na ndani ya mfuko wake wa ngozi kulikuwa na jina limechorwa kwa msumari. Kwa jina hilo na simu zisizo na idadi aliifuata bastola tangu kiwandani hadi ufukweni Italia, hadi shamba la mizeituni ambako kifaru kiliungua na Sabol akatoka mzima. Aliiandika habari hiyo kwenye kadi nadhifu akaiweka mezani, katika maonyesho ya ukumbi wa zimamoto. Mtu mmoja akalisoma jina, akaenda kumwambia binti wa Sabol. Yule binti akapiga simu kuuliza kama anaweza kuja.

Emil alifurahi sana. Miaka yote hiyo hakuna ndugu wa askari hata mmoja aliyewahi kuketi mezani pake. Alinyoa ndevu, akanunua mkate wa kuviringishwa wenye kokwa za jozi zilizosagwa kwa akina mama wa kanisa, akatoa vikombe vizuri vya Verna. Mgeni aliitwa Rosalie Dunlap, mwanamke wa makamo mwenye koti la kijivu, na alikaa na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Emil akamsimulia yote, kiwanda, meli, matope, mizeituni. Rosalie alisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akaigeuza bastola kwa ncha za vidole, akaangalia upande wa pili, akaigeuza tena.

"Mama yuko wapi?" aliuliza.

Emil akamsogezea ile kadi.

"Bwana Hruska, mimi hizi habari za vita sizijui, na bastola naziogopa. Nilikuja kumwona mama."

Akaeleza kwa sauti ile ile ya chini. Mama yake, Pauline, alikufa kwa kifua kikuu Rosalie akiwa hajatimiza miaka mitatu. Baba alipooa tena, mke mpya alichoma kila picha iliyokuwamo nyumbani, na bastola ikauzwa kwa mwenye baa kwa sababu ilikuwa na uso usiotakiwa. Habari hiyo Andy Sabol aliificha maisha yake yote. Majira ya baridi yaliyopita tu, akiwa hoi kitandani kabla ya kufa, ndipo alipomwambia binti yake: mama yako nilimshika mkononi Italia nzima.

"Niliitoa," alisema Emil. "Kile kibao hakikuwa cha kiwandani."

"Ukaiweka wapi?"

"Sikumbuki. Nadhani niliitupa."

Rosalie aliutazama mkate aliokatiwa. "Basi niambie alikuwaje. Wewe umemwona. Mimi sijamwona."

Emil aliifahamu kila alama iliyogongwa kwenye chuma cha bastola ile, hata ile ndogo chini ya nyundo ya kufyatulia, inayoonekana kwa lenzi tu. Uso ule hakuwa nao. Alijaribu, akakuta giza tupu. "Alivaa gauni la maua," alisema hatimaye. "Nadhani. Alikuwa anatabasamu."

"Usinitungie, mzee wangu," alisema Rosalie, bila hasira, na hilo likamchoma zaidi. Akaacha namba yake ya simu kando ya sahani, akaondoka. Kahawa haikupungua kikombeni.

Emil aliona aibu, na aibu ile haikumtoka. Alishuka chumba cha chini akamwaga makopo yote ya vipuri, akavuta kila droo, akapekua hata ndoo ya vyuma vilivyopinda ambayo Verna alimsihi aitupe zama za kale. Clyde alipita siku ya pili, akamkuta amepiga magoti katikati ya skrubu.

"Hivi we Emil una akili kweli? Kesho waamuzi wa maonyesho wanapita, we unatafuta uchafu ulioutupa mwenyewe?"

"Yule binti wa Sabol anataka picha ya mama yake tu."

"Leo picha, kesho utakifunga na kibao. Nakujua. Una moyo wa siagi we, umeuficha tu."

Emil akaendelea kupekua. Clyde akasimama kidogo, akaona mzaha haupokelewi, akaenda zake.

Kifungo ndicho kilichomwongoza. Koti lake la maonyesho lilikuwa limepoteza kifungo tangu mwaka aliofiwa, naye alilibana kwa pini maonyesho baada ya maonyesho. Asubuhi hiyo hiyo, Clyde alipokwisha kuondoka, akalitoa koti kwa ajili ya kesho, na pini ikavunjika. Akaingia chumbani, akakitoa kisanduku cha kushonea cha Verna chini ya kitanda, kisanduku ambacho hakuwa amekigusa tangu mazishi. Kilinukia nyuzi na ile poda yake. Akainua sinia la juu lenye sindano na futi ya kupimia, na chini yake akakuta leso imekunjwa. Ndani ya leso kulikuwa na vibao vya plastiki angavu, vimepanguswa safi.

Hapo ndipo alipokumbuka sauti kutoka jikoni, miaka mingi nyuma, kando ya pipa la taka: "Hata kama wewe huwataki, Emil, hawa ni watu." Wala hakugeuka. Alikuwa anakaza skrubu.

Akavipanga kitandani. Safari hii aliwaangalia mmoja mmoja, kwa subira aliyoizoea kuvipa vyuma. Wa tatu alikuwa na nyusi moja iliyopanda juu kuliko mwenzake, kana kwamba kaambiwa jambo na hajaliamini. Nyusi ile ile ilikuwa imeketi jikoni kwake, ikautazama mkate. Hakuvaa gauni la maua. Alivaa aproni. Wala hakutabasamu.

Kibao cha sita alikikumbuka vizuri kwa sababu picha yake ilikuwa imeliwa na jasho, limebaki doa tu. Sasa hakikuwa na doa. Chini ya plastiki alikuwepo Verna, kijana, nywele zikipeperushwa na upepo. Picha ilikatwa kwa mkasi kufuata umbo la mpini, na aliyesimama kando yake alikwenda na mkato. Ulibaki mkono wake tu juu ya bega la Verna, na kwenye kidole cha shahada kovu la mashine. Emil alikitazama kidole chake, kisha kile cha pichani. Verna alifanya lini jambo hili? Alingoja kwa muda gani siku ambayo mumewe angekifungua kisanduku, au angeuliza tu? Akalia pale kitandani, kwa sauti, kama watu wasio na jirani wanavyolia.

Emil akaipiga ile namba, na Rosalie akaja mchana ule ule. Hakuketi. Alikipokea kibao, akakilaza kiganjani, akaenda nacho mpaka mwanga wa mlangoni.

"Nyusi zangu," alisema. "Watoto wenzangu walinicheka shule nzima, na baba hakuniambia zilikotoka."

Emil akamwambia ni chake, na picha ni yake, na bastola pia akiitaka. Bastola akaikataa. Kupitia dirishani Emil alimwona ameketi ndani ya gari, hajaliwasha, amekifumba kiganja juu ya mapaja. Alikaa hivyo muda mrefu.

Kesho yake ukumbini, Emil alikuwa amekifunga kibao cha Verna kwenye ile bastola ya sita kilikotoka, na ndiyo aliyoiweka mbele kabisa. Waamuzi waliinama, wakaguna, wakasogea meza ya pili. Clyde akaja na kahawa yake, tayari kumsimanga.

"Umeiua hiyo bastola, bwana we. Nilisema." Kisha akainama. Akavua miwani, akaivaa tena. "Huyu si Verna?"

"Ndiye."

Clyde, kwa mazoea tu, akauliza kama wanavyoulizana juu ya kila kitu kinachowekwa mezani. "Ya mwaka gani? Ilipigwa wapi? Nani alipiga?"

Emil alifungua kinywa. Huenda ilikuwa ziwani, mwaka wao wa kwanza. Huenda ilikuwa harusi ya binamu yake, maana nywele zile Verna hakuzifuga muda mrefu. Mkono ulikuwa wake, kovu lilikuwa lake.

"Sijui," alisema.

Clyde hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka kwake. Akakisukuma kikombe cha kahawa upande wa Emil. "Kuna nani wa kumpigia simu?"

Alikuwepo mmoja. Mdogo wake Verna, Irma, kule Youngstown, kama bado yu hai. Tangu siku ya mazishi Emil hakuwahi kumtafuta, na hata siku ile hawakusema la maana. Aliinuka, akamwachia Clyde meza, akaenda kwenye simu ya ukutani karibu na mlango wa jikoni, ambako wanawake wa zimamoto walikuwa wakikaanga soseji. Namba aliikuta ndani ya pochi yake, kwa mwandiko wa Verna. Simu ililia sana. Alikuwa karibu kukata, mara sauti ya kizee ikasema haloo, kwa shaka, kama sauti ya mtu asiyepigiwa.

Emil alitia mkono mfukoni kukishika kibao, akakuta mfuko mtupu, maana kibao alikiacha mezani, kwenye bastola. Akajikohoza.

"Samahani kwa usumbufu," alisema. "Natafuta habari za mtu uliyekuwa naye zamani."